Wafanyakazi Sitini na Nne Wasiojuana

Feni ya mashine ya tatu ilikuwa na mlio wake. Ilikohoa mara mbili, ikanyamaza kama inafikiria, halafu ikapanda polepole mpaka ikafika pa kuvuma, vuuu, vuuu, kama upepo unaopita chini ya bati lililolegea msumari mmoja. Ukiusikia ule mvumo ukikaa dakika kadhaa, ulijua kazi ya kweli inafanyika ndani. Ukikatika mara moja, ulijua kuna mtu amedanganywa, na mara nyingi mtu huyo ni wewe.

Ninyi mnaoingia maabara yetu ya Kitengela sasa hamtausikia. Mashine zenu ziko kimya kama paka. Ndiyo maana nimeona niwaandikie, kwa sababu mambo mengine niliyajua kwa masikio, na hakuna mahali yameandikwa.

Mimi si mzee. Niko na miaka thelathini na moja na meno yote. Lakini nilikaa pale miaka minane, na siku ya kuniaga Mwalimu Wafula alisimama akasema, "Madam Resian amestaafu." Watu wakacheka, na hilo neno likanikaa. Kwa hivyo hizi ni kumbukumbu za mstaafu. Nivumilieni.

Kwanza mjue kwamba niliajiriwa kufagia. Cheti changu cha kidato cha nne sikukionyesha mtu kwa furaha. Maabara iko ghorofa ya pili juu ya duka la dawa za mifugo, na vumbi la barabara ya Namanga lilipanda zile ngazi kila asubuhi pamoja na harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kazi yangu ilikuwa kulirudisha chini. Mwalimu Wafula ndiye aliyekuwa msimamizi, mtu wa Bungoma aliyepanga chumba nyuma ya stendi, mpole, mwenye miwani iliyofungwa waya mkono mmoja. Ile miwani ndiyo iliyonisomesha. Siku nyingine ilimkataa kabisa, basi ananiita.

"Madam Resian, hebu weka hiyo mopu chini kidogo. Nisomee hapo."

"Nisome wapi, Mwalimu? Yako mengi."

"Ya kwanza. Usinisomee ya mwisho."

"Ya kwanza inasema kuna faili haijaonekana."

"Na ya mwisho?"

"Ya mwisho inasema makosa ni mia mbili na kumi."

"Sasa umeona. Mtu mmoja amepoteza ufunguo, halafu watu mia mbili wanalalamika kwamba wamefungiwa nje. Sisi tutafute ufunguo."

Hilo ndilo somo langu la kwanza, na nililipata nikiwa na sabuni mikononi. Kompyuta ikikutupia makosa skrini nzima, panda juu mpaka uone la kwanza. Wengi wenu mnaangalia la mwisho kwa sababu ndilo liko mbele ya macho. Mimi niliwaona mabwana wenye digrii wakipoteza asubuhi nzima hapo chini.

Nilisoma makosa ya watu karibu mwaka mzima kabla sijajua maana yake. Halafu siku moja nilisoma, nikajibu mwenyewe kabla Mwalimu hajafungua mdomo. Alinitazama juu ya miwani. Kesho yake nilikuta mopu imefungiwa kabatini, na kwenye kiti cha mashine ya pili kuna karatasi imeandikwa jina langu.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, kwa wale wageni kabisa.

Programu huanza kama maandishi ya mtu. Kompaila ndiyo inayochukua hayo maandishi na kuyageuza kuwa kitu mashine inaweza kufanya. Simuleta yetu ni kitu kingine. Ni programu inayoifanya kompyuta moja ijifanye kuwa nyingi, ili ujaribu kazi ya kugawanywa kwa mashine sitini na nne kabla hujaipeleka kwenye mashine kubwa za wenyewe huko mbali. Sisi hatukuwa na sitini na nne. Tulikuwa na kumi na mbili, na stima ikisumbua tulikuwa na tisa.

Nilijaribu kumweleza mama yangu nyumbani Ewuaso Kedong. Nikamwambia, "Yeyo, nafundisha kompyuta moja ijifanye nyingi."

Akafikiri. "Na kwa nini isijifanye moja vizuri kwanza?"



Neno la kukumbuka ni hili: simuleta huja na kompaila yake. Kwenye mashine tayari kuna kompaila ya kawaida, nzuri tu, inafanya kazi za kila siku. Lakini ya simuleta inafanya jambo moja zaidi. Inaiambia programu yako kwamba iko na wenzake. Ukijenga kwa ile ya kawaida, programu itajengeka, itaendeshwa, na haitajua kwamba kuna mtu mwingine duniani. Haitakuonyesha kosa lolote. Hapo ndipo ubaya uko, na hapo ndipo hadithi yangu kubwa iko, lakini subirini kidogo.

Kwa sababu kuna ile siku niliyotaka kujionyesha. Toleo jipya la kompaila lilikuwa limetoka, nikaliweka bila kumwambia mtu, nikijua nitapongezwa. Asubuhi simuleta ikakataa kujengwa. Ilikuwa imeandikwa zamani, na ile kompaila mpya ilikuwa kali, inakataa mambo ambayo ya zamani iliyaachia. Mwalimu Wafula hakukasirika. Alisema, "Umemleta mwalimu mkuu mpya kwa darasa la watoto watundu. Mrudishe yule wa zamani kwanza." Nikairudisha siku nzima, na mtandao ulikuwa ule wa kudondoka tone kwa tone. Tangu hapo, kabla sijagusa kitu, naandika kwanza ni toleo gani lilikuwa linafanya kazi. Kwa kalamu, kwenye daftari, kwa sababu kompyuta iliyokufa haikumbuki kitu.

Huo mtandao ndio uliotuzalia desturi ya Mama. Hatungeweza kupakua vitu mara kumi na mbili, kwa hivyo mashine ya kwanza ndiyo tuliitengeneza kwa uangalifu, kila kitu mahali pake, halafu tukainakili kwa diski mpaka kwa zile kumi na moja. Ile ya kwanza tuliiita Mama. Mama akiwa sawa, watoto wako sawa. Nilipofika mwaka wa nne, Mwalimu alinikabidhi Mama. Hakuna cheo nilichowahi kupata kikanifurahisha kama hicho. Nilimpangusa kila asubuhi kwa kitambaa chake peke yake.

Sasa Hodan.

Hodan Abdi alikuja maabara baada ya kumaliza chuo. Baba yake ni mfanyabiashara wa mifugo mjini Kajiado, familia yao ilitoka Garissa. Msichana mwenye maneno machache na vidole vya haraka. Alikuwa ameandika programu ya kuhesabu ni mabwawa gani ya maji katika kaunti yatakauka kwanza ukame ukianza, ili wafugaji wajue mapema wahamie upande gani. Alikuwa ameikata ramani yote vipande vidogo, na kila mfanyakazi anapewa vipande vyake. Mfanyakazi, kwa lugha yetu, ni ile kompyuta moja katika zile nyingi. Alianza kuiandika mwaka ambao baba yake aliongoza ng'ombe mpaka bwawani akakuta matope makavu, na alirudi na nusu ya kundi.

Chuo fulani cha mbali chenye mashine kubwa kilimkubalia nafasi. Sharti lilikuwa moja: kabla ya Ijumaa saa sita mchana atume ripoti ya simuleta, ionyeshe kwamba wafanyakazi wakiongezwa, kazi inaisha haraka. Asipotuma, nafasi inaenda kwa mwingine, na hakuna aliyejua itarudi lini.

Jumatano, kwenye ile mashine ya tatu, akaendesha kwa mfanyakazi mmoja, halafu wanane, halafu sitini na nne. Muda ukawa ule ule. Mchoro wake ulikuwa mstari umelala kama uwanda wa Kaputiei. Alhamisi akaandika upya nusu ya programu. Mstari ukalala vile vile. Majibu ya mabwawa yalikuwa sahihi kabisa, lakini hakuna hata dakika moja iliyopungua.

Ijumaa saa tatu asubuhi nilipita nyuma yake na chai, nikaona skrini yake haina programu. Ina barua. Alikuwa amefika pale pa kusema nafasi wampe mwingine.

"Hodan, hiyo ni nini?"

"Programu ni mbaya, abaayo, dada yangu. Nimejidanganya tu. Haigawanyiki."

"Nani amesema?"

"Namba zimesema."

"Hebu ngoja. Usitume. Kunywa chai."

"Sitaki chai."

"Basi ishike tu, ikupashe mikono."

Mwalimu Wafula alikuwa Kajiado mjini siku hiyo, kwa mkutano wa ofisi ya kaunti. Nikampigia. Alishika simu kwa sauti ya mtu aliyejificha nyuma ya mlango.

"Soma," akasema. Hata salamu hakunipa.

"Hakuna kosa, Mwalimu. Hakuna la kwanza wala la mwisho."

"Basi mwambie kila mfanyakazi ajitaje jina. Nani, na wako wangapi. Endesha, nisomee."

Hodan akaongeza ule mstari wa kujitaja. Tukaendesha. Feni ikakohoa mara mbili, ikapanda kidogo, ikakatika. Nikasoma.

"Mfanyakazi sifuri kati ya mmoja."

"Inayofuata?"

"Mfanyakazi sifuri kati ya mmoja."

"Na inayofuata?"

"Zote, Mwalimu. Ziko sitini na nne, na zote zinasema hivyo."

Kwenye hesabu zetu mfanyakazi wa kwanza anaitwa sifuri, si wa moja. Kwa hivyo kila mmoja alikuwa anasema, mimi ni wa kwanza, na niko peke yangu. Nikasikia Mwalimu akicheka taratibu huko Kajiado.

"Madam Resian, wewe ni mtoto wa wafugaji. Ukituma watu sitini na nne wahesabu mbuzi wa boma moja, na kila mtu ahesabu mbuzi wote peke yake, watamaliza haraka kuliko mtu mmoja?"

"Hapana."

"Na hesabu itakuwa mbaya?"

"Itakuwa sawa. Mara sitini na nne."

"Basi mwambie huyo msichana programu yake haina ugonjwa. Haijaambiwa tu kwamba iko na wenzake. Uliza mashine inaita kompaila gani." Akakata, wakamwita ndani.

Kuna amri ndogo ya kuuliza hivyo. Unaiambia mashine: nikitaja jina hili, wewe unamwita nani? Inakujibu kwa njia nzima, folda kwa folda, mpaka mlangoni kwa huyo anayeitwa. Ndiyo amri ninayoipenda kuliko zote, na nikiwaachia kitu kimoja nawaachia hiyo. Usiiambie mashine kwanza. Iulize.

Nikauliza. Ikajibu kompaila ya kawaida. Hodan alikuwa ametaja jina la kompaila ya simuleta, sawasawa kabisa, lakini mashine ikamwita mwingine. Nikafungua lile faili ambalo mashine husoma kila inapowaka, na mstari ukawa pale.

Niliutambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake.

Wiki tatu kabla, darasa la wanaoanza lilikuwa linasumbuka. Njia za folda zilikuwa ndefu, walikuwa wanakosea herufi, na dada mmoja alikuwa amelia. Mimi machozi ya watu siyawezi. Nikaingia kwa Mama, nikaandika mstari mmoja wa huruma: jina lolote la kompaila likitajwa, iitwe ile ya kawaida, wasihangaike. Nikaunakili kwa mashine zote. Darasa lilinishangilia, wakaniletea mandazi. Sikumwambia Mwalimu. Sikuandika kwenye daftari. Na simuleta hata haikunijia akilini, kwa sababu hao wanaoanza hawaitumii.

Hodan aliinama karibu na bega langu. "Huo mstari ni wa nini?"

"Hapa kuna kitu kimewekwa mahali si pake."

"Nani amekiweka?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa ndefu ya kutosha.

"Labda mtu wa zamani tu," nikasema.

Nikaufuta mstari kwenye mashine yake, nikaiwasha upya. Tukajenga upya, tukaendesha. Mfanyakazi sifuri kati ya mmoja, mara sitini na nne.

Saa nne na nusu ilikuwa imepita. Hodan aliivuta ile barua yake mbele ya skrini tena. Niliuliza mashine mara ya pili, ikajibu kompaila ya simuleta, sawa kabisa. Lakini ujenzi ulikuwa bado unatumia ile ya kawaida. Sasa unasikiliza amri ya nani?

Nilikaa nikakumbuka siku za mopu. Mwalimu alikuwa akipenda kusema kwamba chombo cha kupanga ujenzi kina kumbukumbu na kiburi. Mara ya kwanza unapokiendesha kinatafuta kompaila, kinaandika jina lake ndani ya folda ya ujenzi, na baada ya hapo hakiulizi tena. Ubadilishe mipangilio yote duniani, chenyewe kinasoma daftari lake la zamani. Dawa ni moja, na inaogopesha watu kila mara: futa ile folda ya ujenzi yote, uanze kama mtu ambaye hajawahi kujenga. Maandishi yako ya programu yanakaa kwingine, hayaguswi. Kinachokufa ni kumbukumbu mbaya.

"Nafuta," nikamwambia Hodan.

"Yote?"

"Yote. Programu yako iko salama kwa folda ile nyingine. Angalia mwenyewe."

Akaangalia, akaangalia tena. "Futa."

Nikafuta. Nikaanza upya, na safari hii nikaitaja kompaila ya simuleta kwa njia yake nzima, folda kwa folda, nisimwachie mtu nafasi ya kukisia. Feni ikakohoa mara mbili. Ikanyamaza. Ikapanda, ikapanda, ikafika pale pa kuvuma, na ikakaa hapo. Watu wa mashine nyingine waligeuka. Hodan alikuwa amenishika mkono wa nguo bila kujua.

Mfanyakazi sifuri kati ya sitini na nne. Mfanyakazi saba kati ya sitini na nne. Mfanyakazi hamsini na mbili kati ya sitini na nne. Walikuja bila mpangilio, kama watoto wanaotoka shule, na kila mmoja alijua wenzake wako. Mchoro mpya ukashuka kama njia ya kuteremka kutoka Ngong. Ripoti ikaondoka saa tano na dakika arobaini. Hodan alifuta ile barua, akaenda msikitini akiwa bado anapangusa macho kwa ncha ya buibui, na akaniambia mlangoni, "Wallahi, sitasahau."

Nafasi aliipata. Programu yake iliendeshwa kwenye zile mashine kubwa, na ramani ya mabwawa ikarudi. Msimu uliofuata baba yake alihamisha ng'ombe mapema akiwa ameikunja mfukoni. Hayo yote nayasema kwa majivuno, na nayarudia kila nikipata mtu wa kunisikiliza. Msichana aliyeanza na mopu alikuwa ndani ya hiyo kazi.

Lakini mkimwona Hodan, mtasikia ananiita Mtu wa Zamani. Anaandika hivyo hata kwenye simu. "Mtu wa Zamani, sopa." Hiyo ni salamu yetu ya Kimaasai, nami namjibu "ipa" kwa heshima zote. Wengi wanadhani ni kwa sababu nimestaafu.

Siku hizi mnafanya kwa njia nyingine. Mnapakua sanduku zima lililofungwa tayari, kompaila ndani, simuleta ndani, kila kitu kimelala mahali pake. Ni vizuri sana. Ningekuwa na sanduku kama hilo ningelala zaidi. Hapa kwetu Ewuaso Kedong nimefungua chumba kidogo chenye mashine mbili na paneli ya sola, na siku moja zitakuwa sitini na nne za kweli, mtaona, na nimeanza kwa sanduku hilo hilo. Lakini hata ndani ya sanduku, ulizeni mashine inaita nani. Anayefunga sanduku ni mtu, na mtu ana huruma, na huruma yake inaweza kukupotezea siku mbili.

Basi, ile Ijumaa. Jioni Mwalimu alirudi kutoka Kajiado, akapewa habari, akanisimamisha mbele ya wote. Alisema maabara iko na bahati kuwa na mimi. Watu wakapiga makofi. Darasa la wanaoanza ndilo lililopiga zaidi. Mimi nilitabasamu, na uso ukaniuma. Kwenye mashine nyingine kumi na moja ule mstari ulikuwa bado uko, unamngoja Hodan mwingine, na hakuna aliyeutafuta kwa sababu niliwaambia ni jambo la zamani. Mwalimu aliniangalia kidogo zaidi ya kawaida. Mama alikuwa mikononi mwangu, na Mwalimu alijua hilo kuliko mtu yeyote. Kisha akaniaga kama kawaida.

Jumamosi hakuna kazi. Nilichukua ufunguo kwa mlinzi, nikapanda zile ngazi, nikawasha Mama peke yake. Nilifungua lile faili na kuufuta mstari. Kisha, mahali ulipokuwa, niliandika maneno ambayo mashine inayaruka lakini mtu anayasoma:

"Hapa palikuwa na mstari wa Resian. Aliuweka bila kumwambia mtu, ukampotezea Hodan siku mbili, na alipoulizwa alisema ni mtu wa zamani. Ni mimi."

Nikahifadhi. Nikayanakili kwenye diski, nikahama kiti, nikawasha mashine ya pili.